Lifti na mvua kubwa: mwongozo kamili kwa wakazi na wasimamizi wa maghorofa

Mvua kubwa ikianza, watu wa ghorofani huangalia juu: paa linavuja wapi, dirisha gani halijafungwa. Kwa lifti, anza kuangalia chini. Sehemu ya chini kabisa ya jengo si basementi. Ni shimo lililo chini ya mlango wa mwisho wa lifti, mara nyingi lenye kina cha mita moja na nusu hivi, na maji yanayoingia ndani ya jengo yakikosa njia nyingine huishia humo.

Nimewahi kusimamia jengo la ghorofa 9 Upanga, Dar es Salaam. Masika yangu ya kwanza pale, fundi lifti alikuja kwa jambo dogo tu, mlango wa ghorofa ya 3 uliokuwa ukikwaruza. Kabla hajaondoka akasema acha tuangalie chini. Akapeleka lifti juu, akaizima hukohuko, akachomeka ufunguo wake wa pembetatu kwenye mlango wa chini kabisa, akausukuma pembeni na kumulika tochi. Maji meusi, mafuta yametanda juu yake yakimetameta rangi rangi, na ndala moja ya mtoto, ya bluu, inaelea kwenye kona. Springi mbili zinazokaa chini ili kuipokea lifti ikipitiliza zilikuwa zimezama zaidi ya nusu. Asubuhi ileile watoto wa shule walikuwa wameshuka na lifti hiyo. "Kaka, haya maji yana muda gani humu?" akaniuliza. Sikuwa na jibu, kwa sababu tangu nipokee funguo za jengo hakuna aliyewahi kufungua.

Tangu siku hiyo ninafuata kanuni moja, na karibu kila hatua iliyo hapa chini inatokana nayo: maji yakikaribia, lifti iwe juu, mbali nayo, iwe tupu, iwe imezimwa.

Kwa nini basementi inaua

Juni 2001 dhoruba ya Allison ilifurisha jiji la Houston, Marekani. Mfanyakazi mmoja wa ofisi iliyokuwa kwenye jengo refu la katikati ya jiji alipanda lifti kushuka kwenye maegesho ya chini kuliondoa gari lake. Lifti ikamtia kwenye maji, akafa humo. Tarehe 4 Januari 2020, mjini Tel Aviv, watu wawili walikufa ndani ya lifti kwenye maegesho ya chini ya ardhi yaliyojaa maji ya mvua. Tarehe 6 Septemba 2022 kimbunga Hinnamnor kilipopita Pohang, Korea Kusini, wakazi wa majengo fulani ya kupanga walishuka kuhamisha magari yao. Mto wa jirani ulikuwa umefurika, na maegesho yakajaa ndani ya dakika chache. Watu saba walikufa, wawili wakaokolewa wakiwa hai.

Hao wa Pohang hawakufia kwenye lifti, lakini sababu ni ileile: gari. Mtu anasikia maji yanaingia chini, anakumbuka mkopo wa gari, anabonyeza kitufe cha B. Naomba msomaji akumbuke hesabu hii akiwa amesimama mbele ya kitufe hicho. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Ua wenye mita za mraba 400 ukipata mvua ya milimita 50, hizo ni lita 20,000, simtanki ishirini za lita elfu moja, na kama ua umeinamia kwenye njia ya magari inayoshuka chini, zote zinaelekea basementi. Shimo la lifti la mita 2 kwa 2, kina mita moja na nusu, linameza lita 6,000 tu. Na milimita 50 si mvua ya ajabu. Usiku wa 7 Septemba 2023, Hong Kong ilipata milimita 158.1 ndani ya saa moja, nyingi kuliko saa yoyote tangu waanze kuweka kumbukumbu mwaka 1884.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya taifuni, vimbunga vya Pasifiki. Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu upande wa Mafia tarehe 4 Mei 2024, na boti za Dar na Zanzibar zikasimama. Wiki chache kabla yake, tarehe 16 Aprili, Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote tangu rekodi zianze kuwekwa mwaka 1949. Ndugu zetu wanaoishi Dubai na Sharjah wanakumbuka majengo yaliyokaa siku kadhaa bila lifti, watu wakibeba madumu ya maji kwa ngazi. Na hata bila kimbunga, Dar mvua za Desemba 2011 ziliua watu makumi.

Hatua ya kwanza: ijue lifti yako kabla ya msimu

Mwite fundi anayeihudumia, ukae naye nusu saa, umuulize maswali haya. Andika majibu kwenye daftari la jengo. Usitegemee kichwa chako, kwa sababu usiku wa mvua huenda aliyepo ni mlinzi wa zamu na si wewe.

Mitambo iko wapi? Maghorofa mengi yana chumba cha mitambo juu ya paa. Mengine mapya hayana chumba hicho, mota imefungwa juu kabisa ndani ya njia yenyewe ya lifti. Majengo mafupi, ya ghorofa tatu au nne, yanaweza kuwa na lifti inayosukumwa na mafuta, na hapo tanki na pampu hukaa chini. Kila aina ina adui wake. Ya paani huogopa paa linalovuja na mlango wa chumba usiofunga vizuri. Ya mafuta huogopa basementi.

Umeme ukikatika, lifti hufanya nini? Hili watu wengi hawalijui. Baadhi husimama palepale. Baadhi zina betri ya uokozi inayoisogeza hadi ghorofa ya karibu na kufungua milango. Nyingine, jenereta ikiwaka, zimepangwa kurudi zenyewe hadi ghorofa ya chini. Katika hali ya kawaida ni mpango mzuri, ila siku ya mafuriko unaweza kumpeleka mtu kwenye maji. Mwambie fundi abadilishe kituo hicho kiwe ghorofa ya kwanza au ya pili, na umuulize pia lifti inakwenda wapi king'ora cha moto kikilia.

Kuna floti kwenye shimo? Ni kifaa kidogo, kinafanya kazi kama floti ya simtanki: maji yakipanda kinanyanyuka, kinaiambia lifti isishuke hadi chini. Kama hakuna, kiwekwe. Katika vitu vyote utakavyonunua kwa ajili ya mvua, hiki ndicho chenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Kikishawekwa, kijaribiwe: fundi akinyanyue kwa mkono, muone lifti inakataa kushuka. Floti isiyojaribiwa ni pambo.

Jenereta na swichi kuu ya jengo viko ghorofa gani? Tarehe 12 Oktoba 2019 kimbunga Hagibis kilipopiga Japani, jengo la ghorofa 47 la Musashi-Kosugi, mji wa Kawasaki, halikuanguka wala kupasuka. Maji yaliingia chini tu, kulikokuwa na mitambo ya umeme. Mamia ya familia wakabaki bila umeme, bila maji, bila lifti, wakipanda ngazi kwa miguu siku baada ya siku. Kama jenereta yako iko basementi, jua kwamba siku utakayoihitaji zaidi ndiyo siku itakayozama. Kuihamisha ni kazi ya mwenye jengo na ina gharama. Kuiinua juu ya jukwaa la zege na kuziba matundu ya kebo ukutani hakuna gharama ya kutisha.

Hatua ya pili: kazi za mikono kabla ya masika na vuli

Shimo lifunguliwe na fundi, si na mlinzi, wala na wewe. Usimruhusu mtu ashuke humo lifti ikiwa hewani na umeme umewashwa. Maji yaliyomo yatolewe, lakini kwanza muulize fundi yametoka wapi. Maji yanayorudi wiki moja baada ya kukaushwa, jua likiwaka, yanatoka ardhini au kwenye bomba lililopasuka, na yanahitaji kuzibwa ukutani kwa dawa ya kuzuia maji. Kuyachota kila mwezi ni kujidanganya.

Pampu ya shimo au ya basementi imwagiwe ndoo mbili za maji ili kuona kama inawaka yenyewe. Halafu fuatilia waya wake. Nimeona jengo ambalo pampu ya shimo ilichukua umeme kwenye swichi ileile ya lifti, kwa hiyo ukizima lifti kwa ajili ya mafuriko unaizima na pampu. Itenganishwe, na ipate umeme wa jenereta.

Paani, zibua mifereji na matundu ya kutolea maji. Majani ya mwarobaini na mifuko ya nailoni iliyopeperushwa huziba tundu moja, na paa bapa lenye ukuta pembeni linageuka kuwa bwawa. Chumba cha mitambo kiwe na mlango unaofunga hasa, kizingiti, na vioo vya madirisha vyote. Matundu ya hewa yasizibwe kabisa, maana mota inahitaji kupoa. Yawekewe vibao vya mshazari vinavyozuia mvua ya upepo.

Kwenye korido za kila ghorofa, tazama maji ya dirishani au ya balkoni yanapita wapi. Yakielekea mlango wa lifti, yataingia kwenye njia yake na kudondokea juu ya chumba cha lifti, penye mota ya milango na nyaya. Kituta kidogo cha saruji mbele ya mlango, chembamba kiasi cha kutomkwaza mtu, kinatosha. Kwenye mlango wa basementi na mteremko wa magari, weka tayari mifuko ya mchanga au mbao za kuzuia maji. Ziwe zimeshapimwa na kuandikwa zinakaa wapi.

Jaribu kengele na simu ya ndani ya lifti. Ingia, funga mlango, bonyeza, uone nani anaitikia na baada ya muda gani. Katika majengo mengi kengele inalia kwenye kibanda cha mlinzi, na mlinzi yuko getini, haisikii. Jaribu pia taa ya dharura: viwango vya Ulaya vya EN 81-20, ambavyo lifti nyingi mpya hutengenezwa kwa kuvifuata, vinataka iwake angalau saa 1 umeme ukikatika. Betri yake ikizeeka haiwaki hata dakika 5.

Hong Kong sheria inataka kila lifti ihudumiwe na mkandarasi aliyesajiliwa angalau mara moja kwa mwezi. Kwetu Tanzania, OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, hukagua mitambo ya kunyanyulia sehemu za kazi, lakini huduma ya kila mwezi inategemea mkataba wa mwenye jengo. Omba kuuona. Mpangaji anayelipa gharama za huduma ana haki ya kuuliza fundi alikuja lini mara ya mwisho.

Hatua ya tatu: orodha ya watu

Kazi hii haihitaji fundi wala fedha, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Lifti ikizimwa, nani hawezi kushuka?

Jengo letu lilikuwa na bibi mmoja ghorofa ya 6 aliyekwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, alfajiri. Magoti yake hayakuweza ngazi kumi, sembuse ghorofa sita. Mara ya kwanza tuliyozima lifti kwa mvua ilikuwa Jumatano usiku, na hakuna aliyemkumbuka mpaka saa 11 alfajiri, mjukuu wake aliponigongea mlango. Vijana wanne walimshusha kwenye kiti cha plastiki, wakipokezana kila ghorofa, yeye ameshika mkono wa kiti kwa mikono miwili na kuomba wasimwangushe. Alifika hospitali amechelewa saa mbili. Toka hapo jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha, na tahadhari ya mvua ikitoka, binti yake alimchukua mapema akalale kwake Sinza.

Pita mlango kwa mlango. Andika wazee, wajawazito waliokaribia kujifungua, wenye viti vya magurudumu, wenye mashine za oksijeni, watoto wanaobaki na dada wa kazi peke yao. Kwa kila mmoja andika nani atamsaidia, kwa jina na namba ya simu. Tafuteni kiti imara chenye mikono ya kushikia, kamba za kumfungia mtu asiteleze, na vijana waliojaribu kubeba angalau mara moja mchana wa jua.

Hatua ya nne: tahadhari imetolewa

TMA, mamlaka ya hali ya hewa, ikitangaza mvua kubwa au kimbunga, una saa kadhaa, pengine siku nzima. Zitumie hivi.

Magari yatoke basementi sasa, wakati kumekauka. Tangazo likipelekwa kwenye kundi la WhatsApp la jengo liseme wazi: mwisho wa kuhamisha gari ni saa fulani, baada ya hapo hakuna kushuka, gari litakalobaki limebaki. Mlinzi aambiwe kwamba baada ya saa hiyo kazi yake ni kumzuia mtu, hata awe mwenye jengo.

Maji ya kunywa na dawa zipandishwe mapema. Walio kwenye orodha wahame au waamue kubaki juu wakiwa na mahitaji ya siku mbili tatu. Hakikisha simu ya fundi inapatikana, na umuulize kabisa kama atakuwa mjini. Lifti ipangwe isishuke basementi. Fundi anaweza kukifunga kituo hicho kwa dakika chache.

Hatua ya tano: kuizima

Uizime lini? Usisubiri maji yafike mlangoni mwa lifti. Zima pale maji yanapoanza kuingia kwenye mteremko wa basementi, au kudondoka kwenye chumba cha mitambo, au kutiririka koridoni kuelekea mlango wa lifti, au umeme unapokatika na kurudi mara kwa mara. Radi nzito nayo ni sababu, kwa sababu bodi za kompyuta za lifti huungua haraka na bodi moja inaweza kuchukua wiki kadhaa kuagizwa. Wakazi watanung'unika. Waache wanung'unike.

1. Watangazie watu, kisha weka mtu mmoja kwenye mlango wa chini asiruhusu yeyote kuingia.

2. Peleka lifti ghorofa ya katikati. Watu wengi huipeleka juu kabisa, na kama chini ndiko kwenye hatari peke yake, si vibaya. Lakini lifti ya kamba ina mzigo wa vyuma upande wa pili, kauntaweiti, unaoshuka lifti ikipanda. Lifti ikiwa kileleni, mzigo uko chini karibu na shimo. Zikikutana katikati, zote mbili ziko mbali na maji ya chini na maji ya paani. Kwenye jengo la ghorofa 9, iache ya 4 au ya 5. Ile ya mafuta haina mzigo huo kwa kawaida, hiyo ipandishwe tu, na fundi akuelekeze jinsi ya kuifunga isishuke polepole.

3. Fungua mlango, tazama ndani kwa macho yako. Ita kwa sauti. Hakikisha hakuna mtu, wala mtoto aliyejificha.

4. Milango ifungwe. Zima kwa ufunguo wa lifti, halafu mtu aliyefundishwa azime swichi yake kuu. Kama swichi imelowa, au imesimama kwenye maji, hakuna anayeigusa: umeme wa jengo zima uzimwe kutoka sehemu kavu, au piga simu shirika la umeme.

5. Bandika karatasi kwenye kila mlango wa lifti, kila ghorofa: LIFTI IMEZIMWA, TUMIA NGAZI. Andika saa uliyoizima na jina lako.

6. Kama lifti ni mbili au tatu na mashimo yao yameungana chini, zizimwe zote. Maji hayabagui.

Kwenye minara mirefu: upepo

Majengo ya ghorofa 30 na kuendelea yana tatizo jingine. Upepo wa kimbunga huyayumbisha, na kamba ndefu za lifti huanza kupepea ndani ya njia yake hadi zinaweza kunasa kwenye vyuma vya pembeni. Kimbunga Mangkhut kilipopita Hong Kong tarehe 16 Septemba 2018, na ishara ya tahadhari namba 10, ya juu kabisa, ikapandishwa, wakazi wa ghorofa za juu walihisi majengo yakiyumba chini ya miguu yao. Lifti za kisasa za minara ya namna hiyo zinaweza kuwa na vihisio vinavyopunguza mwendo au kuzisimamisha. Ukisikia kamba zinagonga au lifti inatetemeka upande kwa upande, shuka ghorofa inayofuata na usiipande tena.

Ukikwama ndani

Hapa nizungumze na abiria. Lifti iliyosimama ghafla gizani inatisha, na woga huo ndio unaosababisha watu waumie, kwa kulazimisha kutoka. Chumba cha lifti kina matundu ya hewa, hewa haitaisha. Kamba ni zaidi ya moja, na kuna breki inayojifunga yenyewe umeme ukikatika. Ulipo, kwa kawaida, ni mahali salama kuliko kule unakotaka kurukia.

Bonyeza kengele, kisha simu. Taja jengo, lifti ipi, mpo wangapi, na ghorofa ya mwisho uliyoiona kwenye kioo. Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kenya piga 999 au 112. Falme za Kiarabu, ulinzi wa raia ni 997, Oman ni 9999. Simu yako isitumike kama tochi muda wote, tunza chaji. Kaeni chini, mzungumze na mtoto aliyepo.

Usilazimishe mlango. Hatari kubwa ni hii: lifti imesimama katikati ya ghorofa mbili, mlango umefunguliwa kwa nguvu, unaiona sakafu ya korido mita moja chini yako. Unaona ni ya kurukia tu. Lakini kati ya sakafu ya lifti na sakafu ya korido kuna uwazi, na uwazi huo ni njia ya lifti hadi shimoni. Mtu anayeruka kutoka juu mwili wake hurudi nyuma chini ya lifti. Watu wamekufa hivyo, katika lifti ambayo ingetengenezwa baada ya dakika 40. Mlango wa dari nao usiuwaze. Kwa kawaida umefungwa kwa nje, ni wa waokoaji.

Kuna hali moja inayobadilisha haya yote: maji yanapoingia kutoka sakafuni na kupanda. Bonyeza vitufe vyote vya ghorofa za juu. Piga simu na uanze na maneno haya, "Maji yanaingia ndani ya lifti," kabla ya jina la jengo, kwa sababu ndiyo yanayompa mwokoaji kasi. Piga kelele, gonga ukuta kwa kitu kigumu. Hapo, na hapo tu, jaribu kuachanisha milango kwa mikono, kwa kuwa kusubiri ni hatari zaidi. Simama juu ya bomba la kushikilia pembeni, mtoto akae mabegani. Kama maji yanadondoka kutoka juu tu, hali si hiyo: sogea mbali na vitufe na taa, subiri.

Ukiwa nje na mtu amekwama

Ongea naye kupitia mlango, mfululizo. Mwambie nani ameitwa na unamsubiri wapi. Ukinyamaza dakika tano, ndani zinakuwa saa nzima. Usimpe ufunguo wa pembetatu mtu yeyote ambaye hajafundishwa, hata akiwa fundi umeme hodari wa mtaani. Kusogeza lifti kwa kuachia breki ni kazi ya watu wawili waliofunzwa, umeme ukiwa umezimwa, na chumba cha mitambo kikiwa kikavu. Kama uokozi unachelewa na maji yako basementi, kazi yako ni kuhakikisha hakuna anayewasha jenereta bila kujua lifti itaelekea wapi ikipata umeme.

Maji yakishaondoka

Ndipo presha ya wakazi inapokuwa kubwa. Jua limetoka, korido zimekauka, kila mtu anataka lifti. Ukiwasha na shimo lina maji, utaunguza au utaua.

Fundi aje kwanza. Shimo likaushwe, na maji yaliyochanganyika na mafuta yasimwagwe kwenye mtaro wa barabarani. Aangalie springi za chini, puli inayokaza kamba ya kifaa kinachoidhibiti lifti ikizidi mwendo, swichi zote za shimoni, na kebo inayoning'inia chini ya lifti, maana mara nyingi ncha yake ndiyo iliyolowa. Nyaya zipimwe insulesheni, yaani ganda linalozuia umeme kuvuja, kwa kipimo kiitwacho mega kabla ya kurudishiwa umeme. Kwa jengo la pwani lililoingiliwa na maji ya bahari, chumvi inaendelea kula shaba na vyuma hata vikionekana vikavu, hivyo visafishwe kwa maji yasiyo na chumvi na kukaushwa, na swichi zilizozama zibadilishwe. Kuzifuta tu hakutoshi.

Kisha lifti iendeshwe tupu, juu hadi chini, mara kadhaa, fundi akisikiliza. Ijaribiwe kwenye kila ghorofa kama inasimama sawasawa na sakafu. Floti inyanyuliwe tena kwa mkono. Fundi aandike na kusaini kwenye daftari. Karatasi za LIFTI IMEZIMWA zibanduliwe za mwisho, kuanzia juu kuja chini, na anayezibandua ashuke kwa ngazi akihesabu milango yote.